Rafiki Mbele ya Hakimu

Siku niliyoanza kazi ya ukalimani katika mahakama ya Lodwar, upepo ulikuwa umejaza mchanga hadi ndani ya kizimba, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kushika ufagio. Nilikuwa msichana wa Kataboi, mtoto wa mvuvi aliyefuga na mbuzi wachache, nimemaliza kidato cha nne kwa masista na kujiona msomi kupindukia. Nilifagia huku nimenuna. Karani Mkuu, mzee aliyefunga tai hata jua likichoma namna gani, alisimama mlangoni akinitazama. Alikuwa mtu wa kutoka Kenya, kama tulivyozoea kusema huku, tukimaanisha kokote kule kuanzia Kitale kwenda mbele.

"Akai, unajua kazi yako ni nini?" akaniuliza.

"Kutafsiri, mzee."

"Hapana. Kutafsiri ni kwa wenye kalamu na muda. Wewe ni mkalimani. Mtu akisema, nawe unasema. Ukisikia uongo, utoe vilevile ulivyo. Ukisikia matusi, yatoe."

"Hata matusi?"

"Hata matusi. Na usiyapunguze makali eti kwa sababu ulilelewa na masista."

Ninyi mnaoingia katika kazi hii leo mna mafunzo, vyeti na vipaza sauti. Sisi tulifundishwa hivyo, mlangoni, ufagio mkononi. Kulikuwa na namna mbili za kufanya kazi. Ya kwanza ni ya kupokezana: shahidi anasema kidogo, ananyamaza, nawe unamweleza hakimu kwa Kiingereza. Ya pili ni ya kunong'ona, pale mawakili wanapobishana wao kwa wao nawe umesimama kando ya mshtakiwa ukimpasha sikioni yanayosemwa juu yake. Hii ya pili ndiyo ngumu, maana mshtakiwa naye hunong'ona maswali, na huna ruhusa ya kumjibu hata moja.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mvuvi wa Ferguson's Gulf aliyeshtakiwa kwa kuiba nyavu. Wakili wake aliinuka, akamwinamia mwendesha mashtaka kwa adabu, akasema kwamba hakubaliani na alichosema "my learned friend." Mimi nikanong'ona kwa Kiturkana kama nilivyoagizwa: rafiki yangu msomi. Mvuvi akanigeukia macho yamemtoka.

"Ni rafiki yake?" akauliza, tena kwa sauti. "Huyu anayetaka nifungwe ni rafiki ya huyu anayenitetea? Basi mimi sina mtu hapa. Nileteeni mwingine!"

Kesi ilisimama. Wakili aliapa kwamba yeye na mwendesha mashtaka hawajawahi hata kunywa chai pamoja, na mvuvi akazidi kuchanganyikiwa, maana sasa aliona amezungukwa na waongo. Hakimu alilazimika kuahirisha, yaani kusogeza kesi mbele hadi siku nyingine. Nilitoka nikijua kazi imeota mbawa siku ya kwanza. Karani Mkuu alicheka hadi akalegeza tai, na ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuiona ile tai imelegea.

"Hukukosea," akaniambia. "Umesema kilichosemwa. Lakini hilo neno uliangalie vizuri. Utakutana nalo tena."

Nilikutana nalo kila wiki. Nikawa nalichunguza kama mtu anavyomchunguza jirani mwenye vituko. Polisi walipomkamata kijana na bangi, bangi ilikuwa ya "friend." Kila msichana aliyekuja kudai matunzo ya mtoto aliambiwa na baba wa mtoto kwamba wao walikuwa "friends" tu, na hapo ukumbi mzima ulikohoa. Magari ya misaada yaliyopita kwenda Lokichoggio, enzi zile ndege za chakula zikiruka huko kutwa kucha, yalikuwa na maandishi ubavuni ya marafiki wa huyu na marafiki wa yule. Siku hizi wajukuu zangu wana marafiki mamia ndani ya simu, na nikiwauliza mama wa mmoja wao anaitwa nani, wananitazama kama nimeuliza rangi ya upepo.

Sisi tuna lopai. Mkisikia mzee wa Kiturkana akimwita mwenzake lopai, msidhani ni salamu ya kupita njiani. Lopai ni mtu aliyekupa mnyama, nawe ukampa mnyama, na mnyama huyo akazaa zizini kwako. Kiangazi kikikumaliza unakwenda kwake, unaomba, naye hakunyimi akiwa nacho. Akija kwako anaomba vilevile. Wageni wengi waliofanya kazi Lodwar waliondoka wakilalamika kwamba watu wetu hawana aibu, kila saa ni "nakinai," nipe. Hakuna aliyewaeleza kwamba kuombwa ni heshima, na kwamba mtu asiyeombwa na yeyote ni mtu ambaye hakuna amhesabuye.

Mimi mwenyewe kazi ilininyima jambo hilo. Karani Mkuu alikuwa ametuonya kwamba mkalimani hapokei kitu wala hatoi kitu, asije akaambiwa ulimi wake umenunuliwa. Watu walinisalimu, "Ejok, Akai," nikajibu ejok, wakapita. Nikikaribia mahali wanawake wamekaa, mazungumzo yalipoa. Nilikuwa mtu wa koti, kama wanavyoiita mahakama huku, na mtu wa koti haombwi hata chumvi. Nilizoea, lakini sitawadanganya kwamba sikuumia.

Baada ya Lodwar nilipelekwa kwenye mahakama tembezi, ile inayofunga virago na kuwafuata watu waliko, tukasikiliza kesi Lokichoggio kwenye ukumbi uliokuwa na mapengo ya mabati. Kisha nikahamishiwa Kakuma. Hapo ndipo niliposadiki kwamba Lodwar nilikuwa nikicheza. Asubuhi moja ungesikia Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kifaransa, na Kiswahili cha Kongo ambacho kilinifanya nijione sijui Kiswahili. Mwenzangu wa zamu kwa lugha za Kongo alizoea kunitania, "Mama Akai, weye unasemaka Kiswahili kama redio." Nami nilimjibu kwamba redio angalau husikika.

Hakimu wetu wa Kakuma alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye tabia moja niliyoipenda mno. Mahakimu wengi hutaka jibu la ndiyo au la. Huyu, akiona neno linaelea, aliweka kalamu chini akasema, "Mkalimani, mwambie asinipe jina la kitu hicho. Anieleze kinafanywaje." Shahidi akisema yule alikuwa mlevi, alimtaka aeleze alitembeaje. Akisema walikuwa wameoana, alimuuliza ng'ombe walipita mlango gani na nani alichinja. Kesi zake zilichukua muda mrefu, makarani tukachelewa kula, na hukumu zake zilikatiwa rufaa mara chache. Nawasihi mlichukue hilo kutoka kwake.

Kwake ndiko ilikokuja kesi ya mzee Ekuwam, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu kuwaandikia.

Ekuwam alishtakiwa kwa wizi wa mifugo, kosa ambalo kifungo chake si cha mchezo. Ilidaiwa kwamba alikwenda kwenye kundi la mbuzi la Ekal, mfanyabiashara mwenye malori ya kwenda mpakani, akachukua ndafu mmoja, yaani beberu aliyehasiwa akanona, akaenda naye akamchinja. Ekal mwenyewe alikuwa safarini. Mchungaji aliyeajiriwa, ambaye hakumjua mzee, alikwenda kuripoti polisi. Mzee alikuwa amekaa rumande Lodwar, na mkewe alikuwa mgonjwa kitandani nje ya Kakuma, akitegemea jirani kumletea maji. Kila kesi ilipotajwa, neno la kwanza la mzee kwangu lilikuwa kuuliza kama kuna mtu aliyemwona mkewe. Sikuwa na ruhusa ya kumjibu. Nilimpelekea hakimu swali hilo kwa Kiingereza kama lilivyokuwa, na hakimu kila mara aliagiza askari aulizie.

Siku ya kusikilizwa, Ekal alikuja na shati lililopigwa pasi, ameongozana na mama yake, bibi kizee mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, akamkalisha benchi la nyuma. Alikuwa amemwambia tu kwamba mwizi wa mbuzi ameshikwa na anaitwa Ekuwam, na mama hakumjua mtu wa jina hilo.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye akili na adabu, alimhoji mzee bila kumdhalilisha.

"Ulichukua mbuzi?"

"Nilimchukua."

"Ulimchinja?"

"Nilimchinja. Mke wangu alikuwa mgonjwa, emuron akasema atafutwe ndafu mwekundu mwenye baka jeupe kifuani."

Emuron ni mganga wetu mwonaji, na akitaja rangi ya mnyama, ndiyo hiyo, huwezi kuleta mweusi ukasema ulikosa. Nilitoa maneno kama yalivyo.

"Kwa nini ukamchukua kwa Ekal?"

"Ni mbuzi za rafiki yangu."

"Ekal ni rafiki yako?"

"Huyu simjui. Baba yake ndiye rafiki yangu."

"Baba yake yuko wapi?"

"Amekufa."

Mwendesha mashtaka alimgeukia hakimu. Alisema, na kwa haki kabisa, kwamba kila mwizi akiruhusiwa kuwa na urafiki na marehemu, hakutabaki mbuzi kwenye kaunti hii. Marehemu hawezi kuulizwa. Mlalamikaji hamjui mzee huyu. Ushahidi uko wapi?

Ndugu zangu, niliposimama pale nilitamani nipewe ruhusa ya kusema. Nilijua kwamba lopai akifa urafiki haufi, unamwangukia mwana. Nilijua pia kwamba mzee angeweza kuwa anadanganya, maana mila nzuri nazo hutumiwa na wajanja. Sikujua ni lipi. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache na majibu yake mafupi yalikuwa yakimfunga moja baada ya jingine. Na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Mkalimani, mwambie asiniambie tena kwamba alikuwa rafiki. Anieleze walifanyiana nini."

Nikamgeuzia. Mzee alishika ukingo wa kizimba. Kisha akaanza, na mtu yule wa majibu mafupi hakukoma. Alieleza jinsi walivyokutana wakiwa vijana wenye misuko ya udongo kichwani, wakichunga upande wa Lokichoggio. Maadui walichukua mifugo yote ya mwenzake, naye Ekuwam akampa ngamia jike mwenye mimba. Ngamia yule alizaa, na uzao wake ndio uliolipia mahari ya mke wa mwenzake. Miaka ya ukame mkali yeye Ekuwam ndiye aliyekwenda kuomba, akapewa mbuzi, akarudi tena kuomba, akapewa tena. Nilikuwa nikimgeuzia hakimu kipande kwa kipande, na sauti yangu, niliyoifunza isiwe na rangi yoyote, ilianza kunisaliti.

"Nilipokwenda kwenye kundi, sikujificha," akasema. "Nilifika mchana. Nilimwambia mchungaji, mwambie mwenye mbuzi kwamba Apaloreng amechukua ndafu wa matibabu."

Apaloreng maana yake ni baba wa fahali mwekundu. Mwanamume wa Kiturkana anapompenda fahali fulani hujiita kwa rangi yake na kumwimbia, na jina hilo ndilo wenzake humwita maisha yake yote. Jina la kwenye kitambulisho ni la serikali tu.

Kabla sijamaliza kuligeuza, kelele ilitoka benchi la nyuma.

"Apaloreng!" Bibi kizee alikuwa amesimama, mkono umenyooka mbele akipapasa hewa. "Apaloreng, ni wewe unaongea?"

"Mama, kaa chini," askari akamwambia. "Hii ni koti, hapana piga kelele."

"Sikai! Nani amemfunga Apaloreng?"

Nilimtazama hakimu, naye akanipa ishara. Basi nikaligeuza na hilo, kama nilivyofundishwa, bila kupunguza makali. Mama alikuwa akimwuliza mwanawe kwa Kiturkana, akilia, kama hajui kwamba yeye mwenyewe alitolewa mahari kwa ngamia wa mtu huyo, kwamba bila ngamia huyo Ekal asingezaliwa kuja kumshtaki mtu.

Ekal alikuwa amesimama pale kwenye nafasi ya mlalamikaji, na jasho lilikuwa limeharibu ile pasi yote. Aliongea Kiswahili, kwa hiyo sikuwa na kazi.

"Mheshimiwa, hii jina najua. Baba alikuwa anaimba hiyo jina jioni yote, mimi nikiwa mtoto. Apaloreng, Apaloreng. Mimi nilidhani ni mtu ya zamani, mtu ya nyimbo. Mchungaji hakuniambia hiyo jina, na hakuna mtu aliniambia ako hai." Akajifuta uso. "Mimi sitaki hii kesi."

Mwendesha mashtaka aliinuka akasema upande wake hauna pingamizi. Hakimu alimuuliza Ekal kama kuna mtu amemtisha au amemlazimisha, kama sheria inavyotaka, kisha akaruhusu kesi iondolewe na mzee aachiliwe palepale. Nilimwambia mzee kwamba yuko huru. Aliniuliza kama sasa anaweza kwenda kumwona mkewe, na kwa mara ya kwanza niliweza kumjibu kwa kinywa changu mwenyewe. Nikamwambia, "Nenda, apa," yaani baba.

Nje, kwenye uwanja wa mahakama, nilitegemea Ekal amwombe msamaha. Hakumwomba. Alimfuata mzee pale alipokuwa amechuchumaa na bibi kizee, akasimama mbele yake kama mtoto aliyetumwa, akanyoosha kiganja.

"Apa, nakinai etaba."

Alimwomba tumbaku, mtu mwenye malori. Na mzee, aliyekuwa ametoka rumande bila kitu, alimwomba bibi kizee tumbaku kidogo, akaigawa nusu, akamtilia Ekal kiganjani. Mwendesha mashtaka alikuwa amesimama kando yangu. Aliniuliza kwa Kiingereza wanafanya nini, nikamwambia wameanza. Kisha mzee alipandishwa kwenye pikapu ya Ekal wakaondoka naye kwa mkewe, nami nikaingia chooni nikalia hadi nikatosheka. Nilinawa uso nikarudi ndani, maana kulikuwa na kesi ya Wasomali wawili na ukuta wa duka.

Nilimaliza utumishi wangu Lodwar nilikoanzia, nikiwa mimi sasa ndiye ninayewapa vijana ufagio. Siku ya kuniaga walikata keki, mkuu wa kituo akasema maneno mazuri kwa Kiingereza, na mtu akacheka kwamba sina haja ya mkalimani. Walinipa saa ya ukutani. Nilirudi nyumbani kwangu karibu na mto Turkwel nikaitundika, nikakaa kitako kuisikiliza, na nyumba ikawa kimya kuliko nilivyotazamia. Nilinunua mbuzi wachache wa kunishughulisha. Majirani waliendelea kunisalimu na kupita, kwa mazoea.

Kazi yangu niliipenda, nawaambia wazi. Nimesemea wauaji na watoto, waongo na watawa, na sijui kama kuna mtu kwenye kaunti hii aliyewahi kusema maneno ya watu wengi kama mimi. Lakini maneno yote hayo yalikuwa ya wengine. Ilinichukua muda kuzoea kwamba nikifungua kinywa sasa, ninayesema ni mimi.

Miezi michache baada ya kustaafu, lori lilisimama mbele ya ua wangu likashusha mzee mmoja mwembamba na fimbo. Alikuwa Ekuwam. Ekal alikuwa amewaleta yeye na mkewe hospitali ya Lodwar. Mke sasa aliweza kutembea, ila alikuwa amechoka, akabaki kwa ndugu. Mzee alikuwa ameuliza watu hadi akapata ninakokaa. Nilimkaribisha chai. Aliinywa polepole, akasifu sukari, akanitazama vizuri.

"Umetoka koti?" akauliza.

"Nimetoka, apa. Kabisa."

"Hutarudi?"

"Sirudi."

Alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akageuka akawaangalia mbuzi wangu mmoja mmoja bila haraka yoyote. Kisha akanyoosha fimbo kumwelekea jike mweupe, yule niliyempenda kuliko wote.

"Nakinai yule."

Nikainuka, nikamfunga yule mbuzi kamba nikamkabidhi, na sikuuliza anamtakia nini. Aliniambia nikipita Kakuma nisipite bila kufika kwake, akashika njia akimvuta mnyama wangu anayelalamika.

Jirani yangu, mwalimu aliyehamia hapa kutoka Bungoma, alimwona akivuka barabara, akakimbilia kwenye ua akiwa bado na kalamu nyekundu mkononi.

"Mama Akai! Mama! Huyo mzee anaenda na mbuzi wako!"

"Namwona, mwalimu," nikamwambia. "Ni rafiki yangu."